Sedani ya turbo: mvuto ni mtamu, ila piga hesabu mpaka mwisho

Niseme msimamo wangu kabla sijaanza kupiga hesabu: sedani ya turbo (kifaa kinachokandamiza hewa ili iingie nyingi kwenye injini) inunuliwe kwa sababu ya mvuto wake, yaani ile nguvu ya kuvuta gari, isinunuliwe kwa ahadi ya kula mafuta kidogo. Ninaendesha moja, lita 2.0 silinda nne, naipenda mno na sina mpango wa kuiuza, ila kila mtu anayenifuata anataka kununua ya hivi nakuta kichwani ana namba mbili tu, bei ya gari na hospawa, na hizo mbili ndo zinazokusaidia kidogo kuliko zote.

Tuanze na hizo hospawa. Ile namba unayoisoma kwenye tangazo inapatikana injini ikiwa imepanda juu kabisa, mizunguko elfu 5 na nusu, elfu 6 kwa dakika, sehemu ambayo kwenye maisha ya kila siku mguu wako haufiki. Kinachokukandamiza mgongo kwenye kiti ni mvuto, ule unaopimwa kwa Nm (nyutoni-mita), na swali la maana ni huo mvuto unaanza kupatikana kwenye mzunguko wa ngapi. Angalia Toyota Camry ya 2018 yenye lita 2.5 isiyo na turbo, hospawa 203, mvuto kama Nm 250 lakini mpaka ufike mizunguko 5,000 kwa dakika. Honda Accord ya mwaka huohuo yenye kainjini ka lita 1.5 turbo ina hospawa 192, kwenye karatasi imezidiwa, ila Nm 260 zake zinaanza kwenye mizunguko 1,600 hivi na zinakaa palepale mpaka 5,000. BMW nao kwenye 328i ya 2012 walitoa silinda sita lita 3.0 wakaweka silinda nne lita 2.0 turbo, Nm 350 kuanzia mizunguko 1,250, yaani gari haijaamka vizuri tayari nguvu yote iko mezani.

Hii inaonekana wapi? Barabara ya njia mbili, mlima, mbele yako lori limebeba linapanda taratibu, na uwazi wa kupita ni wa sekunde chache. Kwenye gari isiyo na turbo unakandamiza mguu, giaboksi inarudi gia mbili chini, injini inapiga kelele hadi elfu 5 ndo gari ianze kuondoka, na hapo katikati kuna kale kamuda unakaa ubavuni mwa lori unaliangalia tairi lake la nyuma halisogei. Kwenye turbo mshale uko elfu 2, unakandamiza nusu tu, unasikia kafilimbi kembamba upande wa mbele, gari inatulia kidogo alafu inakusukuma kwa mkupuo mmoja, giaboksi imeshuka gia moja tu na tayari umesharudi upande wako. Kwangu mimi thamani ya turbo iko hapo, kukaa muda mfupi kwenye upande usio wako wa barabara, na huo naupigia hesabu kama usalama kabisa wala sio mbwembwe.

Alafu kuna suala la mwinuko ambalo watu hawalisemi. Injini isiyo na turbo inavuta hewa kwa pumzi yake yenyewe, na kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Kwaiyo anayeishi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, hospawa zake 150 za kwenye karatasi anaendesha kama 120 tu, na amelipia 150. Turbo inachofanya ni kuzunguka kwa kasi zaidi ikakandamiza hewa hiyohiyo nyepesi, sehemu kubwa ya upungufu inafidiwa. Kama njia zako ni za milimani hii peke yake inaweza kukutosha kuamua.

Na kwanini nasema sedani? Uzito na urefu. Injini ileile ya lita 2.0 ukiiweka kwenye gari ndefu ya juu yenye kilo mia tatu zaidi na uso mpana unaopambana na upepo, turbo inabidi ifanye kazi mda wote, joto juu, mafuta juu. Kwenye sedani, ukishafika kilomita 100 kwa saa barabara tambarare, turbo karibu inapumzika. Ndo mahali pake hasa.

Kasoro ya kuendesha ipo moja, kuchelewa kuitika. Moshi lazima kwanza usukume gurudumu la turbo lipate kasi. Kwenye magari mapya turbo zimekuwa ndogo na nyepesi kwaiyo huoni sana, lakini za zamani unalihisi kabisa, na kuna kama Subaru Legacy B4 za mwishoni mwa miaka ya 1990 zenye turbo mbili zinazopokezana, katikati ya kupokezana kuna bonde ambalo gari inalegea alafu inaondoka tena kwa nguvu. Wenye nazo wanalijua na wengi wamejifunza kuendesha nalo.

Haya, tugeuke upande wa pili wa daftari.

Turbo ni magurudumu mawili madogo yenye mapezi, yamefungwa kwenye shafti moja, moja linasukumwa na moshi unaotoka, lingine linakandamiza hewa inayoingia. Hiyo shafti inaweza kuzunguka zaidi ya mara 150,000 kwa dakika, upande wa moshi joto linakaribia nyuzi 900 na kupita, na kinachozuia chuma kisisage chuma hapo katikati ni utando mwembamba wa oili. Basi. Hakuna kingine. Kwaiyo mtu akiniambia turbo ni ghali nataka kujua kwanza oili yake anamwaga lini na anaweka ipi, maana turbo nyingi zinazokufa mapema zimeuliwa na oili, iliyochakaa, iliyopungua, au iliyoungua ikawa masizi magumu ndani ya kale kapaipu kanakoipelekea oili.

Hili sio jambo jipya. Oldsmobile walitoa gari ya turbo inaitwa Jetfire mwaka 1962, miongoni mwa za kwanza kabisa za kuuziwa watu wa kawaida, na ili injini isigonge, yaani petroli isiwake ovyo kabla ya wakati, waliiwekea katangi ka maji yaliyochanganywa na methanoli (aina ya spiriti) ambako mwenye gari alitakiwa akajaze mara kwa mara. Watu hawakujaza. Magari yakasumbua mpaka kampuni ikaanza kuzitoa hizo turbo kwenye magari ya wateja na kuwafungia kabureta ya kawaida. Teknolojia ilikuwa inafanya kazi, ila ilihitaji mwenye gari afanye kitu kimoja kidogo kila mara, na mpaka leo hesabu ya turbo imesimama palepale.

Tuje kwenye oili kwa namba basi. Injini nyingi za lita 2.0 turbo zinachukua kama lita 5 za oili ya sintetiki. Kitabu cha gari mara nyingi kinasema kilomita 15,000, na mimi kwa turbo sikubaliani nacho, hasa kama unakaa kwenye foleni, kuna joto na vumbi. Mimi naenda 7,500. Kwenye kilomita 60,000 inamaanisha kumwaga mara nane badala ya nne, kwaiyo nimeongeza lita 20 za oili na filta nne. Weka bei ya unakoishi, alafu weka pembeni bei ya turbo mpya pamoja na gaketi zake, paipu za oili, kulanti, oili yenyewe na hela ya fundi, uone ipi inauma. Na oili isiwe yoyote tu. Injini hizi ndogo zenye turbo na mafuta yanayopulizwa moja kwa moja ndani ya silinda zina ugonjwa wake, ukikandamiza sana kwenye mizunguko ya chini mchanganyiko unaweza kuwaka wenyewe kabla ya plagi, na mpigo huo unaweza kupasua pistoni. Kwa sababu hiyo viwango vya oili vilibadilishwa, kikaja API SN Plus mwaka 2018 na API SP mwaka 2020 (API ni taasisi ya Marekani inayoweka viwango hivyo), vyote vikipima pia uwezo wa kuzuia hilo jambo. Geuza galoni usome nyuma, kama imeandikwa kiwango cha zamani irudishe kwenye shelfu hata kama ni bei nafuu na ina picha ya gari la mashindano.

Tabia mbili za bure zinazosaidia kuliko dawa zote zinazouzwa kwenye chupa: usikandamize injini ikiwa ya baridi, na ukitoka kupanda mlima kwa nguvu au spidi kubwa usizime papo hapo, dakika moja mbili za mwisho endesha taratibu ili oili ipoze ile shafti. Magari mengi mapya yana pampu ya umeme inayoendelea kuzungusha maji baada ya kuzima, ni msaada mkubwa, lakini kuendesha taratibu kidogo hakukugharimu kitu.

Sasa mafuta, na hapa ndo ahadi za tangazo zinapokutana na mguu wako. Ni kweli injini ndogo yenye turbo ikiendeshwa kwa utulivu inakula kama injini ndogo. Ukiita turbo, hewa inaingia nyingi na mafuta lazima yaingie mengi, na ikipata mzigo mkubwa kompyuta ya gari saa ingine inaongeza petroli zaidi ya inayohitajika kuungua ili tu kupoza silinda na turbo yenyewe. Tufanye mfano, kilomita 20,000 kwa mwaka. Gari ikila lita 8 kwa kilomita 100 ni lita 1,600. Ukiiendesha kwa raha yake, maana umeinunulia raha, ikapanda hadi 9.5 ni lita 1,900. Alafu kama petroli ya okteni ya juu, ile inayovumilia mgandamizo bila kuwaka yenyewe, inazidi ya kawaida bei kwa asilimia 10, hizo lita 1,900 ni kama umelipia 2,090 za kawaida. Karibu lita 500 juu ya ile namba ya kwenye tangazo, kila mwaka. Sio za kukufilisi ila ziingize kwenye daftari tangu mwanzo.

Na okteni sio mapambo. Hewa iliyokandamizwa ina joto, petroli ya okteni ndogo inawaka kabla ya wakati, sensa inasikia injini ikigonga, kompyuta inachelewesha cheche na kupunguza nguvu. Mazda walilisema wazi kwenye Mazda6 ya 2018 yenye lita 2.5 turbo, kwa soko la Marekani wakaandika nguvu mbili: hospawa 250 kwa petroli ya okteni 93 na 227 kwa 87, kwa vipimo vyao kule, ambavyo kwa RON, kipimo cha okteni kinachotumika nchi nyingine nyingi, ni kama 98 na 91. Injini ileile, hospawa 23 zimebaki kwenye pampu ya petroli. Kama mahali ulipo hupati petroli nzuri kwa uhakika, jua unanunua gari ambayo hutaiendesha yote.

Kuna gharama zinazokuja taratibu ambazo kwenye injini isiyo na turbo unazikuta kwa nadra au kwa kuchelewa. Plagi zinafanya kazi kwenye joto kali na mgandamizo mkubwa, nyingi unabadilisha kati ya kilomita 60,000 na 100,000 wakati Toyota kwa baadhi ya injini zake za kawaida wanaruhusu mpaka maili 120,000, kama kilomita 190,000 hivi. Plagi ikichoka koili inayoipa umeme nayo inafuata. Paipu za mpira za hewa kwenda na kutoka kwenye interkula (rejeta ya kupoza hewa iliyokandamizwa) zinakauka na kupasuka, hewa inavuja, gari inakuwa nzito na taa ya chekinjini inawaka, na hapo fundi asiyejua turbo anaanza kubadilisha sensa moja baada ya nyingine kwa hela yako wakati tatizo ni klipu na paipu. Kupima mvujo kwa moshi ni kazi ndogo, mwambie aanze na hiyo. Alafu injini zinazopuliza mafuta ndani ya silinda moja kwa moja hazioshi valvu za kuingizia hewa, mvuke wa oili unagandia pale unakuwa masizi, na baada ya kilomita nyingi unahitaji kuyasafisha, kazi ambayo kuifanya vizuri lazima manifoldi, ile mirija inayogawa hewa kwenye silinda, ifunguliwe.

Giaboksi naisema haraka kwa sababu haihusu turbo moja kwa moja, ila mvuto mkubwa unaipiga. Ile ya klachi mbili zilizolowa kwenye oili, kama DSG ya gia sita ya Volkswagen, kumwaga oili na filta kila kilomita 60,000 ni lazima, usimsikilize anayekwambia oili ya giaboksi ni ya maisha. Na ukichukua ya kusukuma tairi zote nne kama Subaru WRX, tairi zote lazima zilingane, Subaru wenyewe wanataka tofauti ya mzingo isizidi robo inchi. Tairi moja ikipasuka wakati zingine tatu zimeshatumika nusu, kuna uwezekano mkubwa unanunua nne.

Kushuka thamani ndo gharama kubwa kuliko zote kwa anayenunua mpya, na ndo zawadi kwa anayenunua iliyotumika, maana woga wa watu kuhusu turbo unashusha bei hata za zilizotunzwa. Mimi naona hapa ndo penye biashara nzuri, lakini uwe mkali. Injini nyingine zina historia inayojulikana. Za EA888 za Volkswagen na Audi za vizazi vya mwanzo zilisumbua kwa kula oili na kikazio cha taimingi cheni (cheni inayopanga valvu zifunguke kwa wakati), BMW N20 za kabla ya 2015 zina plastiki za kuongoza cheni zinazochoka, Honda 1.5 turbo kwenye sehemu za baridi kali na safari fupi petroli ilikuwa inaingia kwenye oili na kuifanya iwe nyepesi na kujaa kupita kiasi. Hakuna hata moja kati ya hizo inayokukataza kununua kabisa, ila ukiulizia risiti ya cheni au ya kikazio na mwenye gari akabaki anakuangalia, toa gharama hiyo kwenye bei au tafuta nyingine.

Ukienda kuikagua nenda ikiwa ya baridi, mwambie asiiwashe kabla hujafika, na weka mkono kwenye boneti uhakikishe. Chomoa kijiti cha oili, usiangalie kiwango tu, nusa. Ikinuka petroli uliza maswali. Alafu mwombe fundi alegeze klipu ya paipu inayotoka kwenye turbo kwenda interkula, ingiza kidole ndani uzungushe. Kidole kikitoka na utando mwembamba wa oili, ni kawaida kabisa, mvuke wa injini unapita pale. Kikitoka kimelowa, na ukiinamisha paipu oili inadondoka, basi mara nyingi turbo inavujisha oili au mfumo wa kupumulia wa injini umeziba, na yote mawili yana bei. Alafu afungue na paipu inayoingiza hewa kwenye turbo, shika ncha ya shafti ya turbo kwa vidole viwili: kucheza kidogo sana kwenda pembeni kunavumilika, kwenda mbele na nyuma kusiwepo kabisa wala mapezi yasiguse ukuta. Ndo uwashe. Moshi wa bluu ukitoka baada ya gari kukaa imewashwa dakika kadhaa kisha ukakanyaga, kuna oili inaungua. Barabarani gia ya tatu, elfu 2, kandamiza mpaka chini, mvuto uje laini bila kukatikakatika, na filimbi iwe nyembamba, ikiwa inalia kama king'ora ondoka.

Iliyochipiwa, yaani iliyobadilishwa programu ya injini, mimi siichukui. Kubadilisha programu ya kompyuta kunaweza kuongeza asilimia 20 au 30 ya mvuto kwa saa moja tu, ni tamu sana, lakini hujui ameiendesha hivyo kilomita ngapi, kwa petroli gani, na giaboksi imebeba mzigo gani ambao haikutengenezewa. Wengine wanairudisha programu ya kiwandani siku ya kuuza, kwaiyo angalia dalili nyingine, westigeti (vali inayopunguza moshi unaosukuma turbo) iliyoguswaguswa, interkula kubwa kuliko ya kiwandani, alama za skrubu kwenye paipu, geji ya busti (mgandamizo wa hewa ya turbo) iliyotolewa ikaacha tundu kwenye dashibodi.

Kwa nani nasema hapana? Anayekwenda kilomita tatu nne kazini na kurudi. Injini haipati joto lake, petroli na unyevu vinabaki kwenye oili, turbo haiitwi hata mara moja, alafu bado unalipia oili nzuri na plagi za kubadilisha mapema. Huyo achukue lita 1.8 au 2.0 ya kawaida, aishi kwa amani, hela inayobaki afanyie mengine. Na anayejua moyoni kwamba sevisi huwa anasogeza mbele mwezi hadi mwezi, naye hapana, hii mashine haisubiri. Ila wa safari ndefu, milima, gari yenye watu wanne na mizigo, na fundi anayemwamini, huyo nampa ndiyo kwa mikono miwili.

Ukishaamua, usiishie kwenye jina la gari na ujazo wa injini, tafuta msimbo kamili wa injini na mwezi iliyotengenezwa, viko kwenye kibati cha gari na kwenye nyaraka. Sedani mbili za jina moja, rangi moja, zote 2.0 turbo, zilizopishana miezi michache kiwandani, moja inaweza kuwa na kikazio cha zamani cha cheni na nyingine kipya, na muuzaji akaziuza kwa bei moja kwa sababu na yeye hajui tofauti.